SOMO LA AFYA: CHOMBO KINACHOVALIWA KUCHUNGA MAPIGO YA MOYO



Leo tujifunze juu ya moyo. Tutajifunza jinsi moyo unavyopiga, jinsi mapigo yake yanavyoweza kwenda ovyo, na jinsi mtu anavyoweza kuvalishwa chombo kidogo cha kuyachunga mchana na usiku. Mwishoni utajifunza kazi moja ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifanya nyumbani, kwa vidole vyako na saa tu.

Soma polepole. Kama mpo katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

KWA NINI NAANDIKA SOMO HILI

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji. Nina miaka michache tu katika kazi hii. Siku moja alikuja mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, moyo wangu mara nyingine unapapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Kisha unatulia."

Nilimshika mkono nikahesabu mapigo kwa robo dakika. Nikapata 20. Nikazidisha mara nne, nikapata 80. Nikamwambia, "Babu, moyo wako ni mzima." Nikampa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani.

Baada ya miezi miwili aliletwa kwa pikipiki, ameshikiliwa na mwanawe. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimepooza. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Hospitalini walimpima wakaona mapigo ya moyo wake hayana mpangilio.

Mzee huyo yuko hai hadi leo, lakini mkono wake haushiki jembe. Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu kwa haraka, tena nilihesabu wakati moyo umetulia. Naandika ili kosa hilo lisirudiwe, wala na mimi, wala na wewe.

MOYO UNAFANYAJE KAZI

Moyo ni msuli. Ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu iende mwili mzima.

Ndani ya moyo mna vyumba vinne. Viwili viko juu na viwili viko chini. Vyumba vya juu hupokea damu na kuipeleka chini. Vyumba vya chini huisukuma damu kwa nguvu iende kwenye mapafu na sehemu nyingine za mwili.

Ni nani anayeamrisha moyo kupiga? Katika chumba cha juu cha kulia mna sehemu ndogo inayotoa umeme. Umeme huo ni kidogo sana, huwezi kuusikia. Unapita kwanza katika vyumba vya juu, navyo vinakaza. Halafu unashuka katika vyumba vya chini, navyo vinakaza. Hilo ni pigo moja.

Ni kama watu wanaotwanga mahindi wawili katika kinu kimoja. Wa kwanza anapiga, wa pili anapiga. Wakifuata zamu, kazi inakwenda. Kila mmoja akipiga anavyotaka, michi inagongana na mahindi hayatwangiki.

Mtu mzima aliyepumzika, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na mara 100 kwa dakika. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja.

MAPIGO YAKIENDA OVYO

Si kila pigo linaloruka ni ugonjwa. Watu wengi wazima huruka pigo moja moja. Tena moyo kwenda mbio unapopanda mlima, unapolima au unapoogopa si ugonjwa.

Lakini kuna ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo huacha kukaza kwa utaratibu. Badala ya kukaza, vinatetemeka tu, kama jani penye upepo. Mapigo yanakuwa hayana mpangilio kabisa. Moja linakuja haraka, la pili linachelewa, la tatu ni dhaifu, la nne lina nguvu.

Hatari yake ni hii. Damu iliyo katika chumba kinachotetemeka haisukumwi vizuri, inatuama. Nawe unajua maji ya mtoni yakituama huota utelezi. Damu ikituama huganda. Bonge la damu iliyoganda likitoka humo linaweza kusafiri mpaka kwenye ubongo na kuziba mshipa. Sehemu ya ubongo inakosa damu. Hicho ndicho kiharusi. Mtu mwenye ugonjwa huu ana hatari ya kupata kiharusi karibu mara tano kuliko mtu asiye nao.

Baadhi ya wagonjwa husikia moyo unapapatika, au huchoka haraka, au hupata kizunguzungu, au hukosa pumzi. Lakini wengine hawasikii kitu chochote. Siku ya kwanza kujua ni siku ya kiharusi.

KWA NINI KUPIMA MARA MOJA HAKUTOSHI

Katika hospitali kuna mashine ya kupima umeme wa moyo. Mgonjwa hulala kitandani, hubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Mashine huchora mistari kwenye karatasi. Kipimo hiki ni kizuri, lakini mara nyingi huchora sekunde 10 tu. Katika sekunde hizo moyo hupiga karibu mara 12. Mapigo mengine 100,000 ya siku hiyo hayakuonekana.

Wewe unayelinda shamba la mahindi unaelewa jambo hili. Nyani hawaji mlinzi akiwapo. Wanangoja aende kula. Ukilichungulia shamba mara moja kwa siku ukasema, "Hakuna nyani," utavuna mabua. Mapigo mabaya nayo huja na kuondoka. Yanaweza kuja usiku wa manane na kuondoka kabla jogoo hajawika. Asubuhi mgonjwa anapofika zahanati, moyo umetulia.

Kwa hiyo anatakiwa mlinzi wa kukesha. Mlinzi huyo ni chombo kinachovaliwa.

CHOMBO HIKI KILIANZIA WAPI

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, mtaalamu wa Uholanzi aliyeitwa Willem Einthoven alitengeneza mashine ya kuchora umeme wa moyo. Mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi ili umeme upite. Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mashine hiyo haikuweza kumfuata mtu shambani. Katika miaka ya 1940, mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Norman Holter, wa mji wa Helena katika jimbo la Montana, alijiuliza: kwa nini tupime moyo wa mtu aliyelala tu, wakati watu hutembea na kufanya kazi? Akatengeneza chombo cha kubeba mgongoni. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 38. Gunia kama hilo hata kijana mwenye nguvu hulibeba kwa taabu! Lakini Holter alikivaa mwenyewe, na umeme wa moyo wake ukapelekwa hewani kama sauti ya redio.

Mwaka baada ya mwaka chombo kilipunguzwa. Mwaka 1961 Holter aliwaeleza wataalamu wa dunia jinsi ya kutumia chombo kidogo kinachonasa mapigo ya siku nzima katika kanda. Hata leo madaktari wanakiita chombo hicho kwa jina lake, Holter.

AINA ZA VYOMBO

Siku hizi kuna aina nne.

1. Holter. Ni kisanduku kidogo kinachoenea mfukoni. Kina nyaya chache zinazobandikwa kifuani. Huvaliwa siku moja au mbili. Hupatikana katika hospitali kubwa.

2. Plasta. Ni kibandiko kimoja kinachokaa kifuani bila nyaya za kuning'inia. Aina nyingine hukaa hadi siku 14.

3. Saa ya mkononi. Saa hizi zina taa ndogo ya kijani upande unaogusa ngozi. Damu huinyonya nuru ya kijani. Moyo ukipiga, damu nyingi hupita mkononi na nuru inayorudi hupungua. Saa huhesabu kupungua huko. Saa nyingine huweza pia kupima umeme wa moyo. Mwenye saa huigusa kwa kidole cha mkono wa pili na kutulia kwa nusu dakika.

4. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Ni kidogo kuliko kidole cha mwisho. Daktari hukiweka kwa kuchanja mahali padogo, nacho huweza kukaa miaka.

Sikiliza vizuri: vyombo hivi havitibu. Havipeleki umeme mwilini, havinyonyi damu, wala havisomi mawazo ya mtu. Vinasikiliza na kuandika tu.

UKIVALISHWA CHOMBO, FANYA HIVI

Mwaka uliofuata baada ya yule mzee, alikuja mama mmoja na maneno yaleyale. Usiku moyo unapapatika, asubuhi umetulia. Nilihesabu dakika nzima, mara tatu. Mapigo yalikuwa sawa. Safari hii sikumwambia kwamba ni mzima. Niliandika barua akaenda hospitali kubwa. Huko alivalishwa Holter siku moja usiku na mchana.

Jirani zake walisema maneno mengi. Wengine walisema atapigwa na umeme, wengine walisema ni mambo ya mashetani. Mume wake alisema, "Mwacheni avae. Chombo hakina mdomo wa kutudanganya." Usiku saa nane moyo ulianza kutetemeka, na chombo kikaandika. Ulitetemeka kwa zaidi ya saa moja. Sasa anatumia dawa, na bado anabeba maji yake mwenyewe.

Basi nawe ukivalishwa, shika mambo haya:

Endelea na kazi zako za kila siku. Ukikaa kitandani siku nzima, chombo hakitaona moyo wako ulivyo katika maisha yako.

Usikivue bila kuambiwa. Kama ni Holter, usikiloweshe. Jifute kwa kitambaa chenye maji badala ya kuoga. Kuhusu plasta, uliza kama inaruhusiwa kulowa.

Andika katika daftari. Ukisikia moyo unapapatika, au ukipata kizunguzungu, andika saa na kazi uliyokuwa ukifanya. Kwa mfano: "Saa 10 jioni. Nilikuwa nikichota maji. Moyo ulikwenda mbio." Daktari atalinganisha maneno yako na mistari ya chombo. Hapa kisomo kinaokoa maisha. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule.

Kirudishe chombo kwa siku uliyoambiwa. Mgonjwa mwingine anakingoja.

JE, SAA HIZI ZINASEMA KWELI DAIMA?

Hapana. Vijana wanaotoka mjini huzionyesha kwa fahari, kwa hiyo ni vizuri ujue mpaka wa uwezo wake.

Huko Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walifuatilia watu 419,297 waliovaa saa za aina moja. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Saa zilitoa onyo kwa watu 2,161, yaani karibu watu watano katika kila elfu moja. Baadaye watu 450 kati ya walioonywa walivaa plasta na kurudisha vipimo vilivyosomeka. Waliokutwa na mtetemo walikuwa 34 katika kila 100. Je, wengine walionywa bure? Si lazima iwe hivyo, maana plasta ilivaliwa siku nyingi baada ya onyo, na ugonjwa huu huja na kuondoka. Lakini tunajifunza kwamba onyo la saa si hukumu. Ni sababu ya kwenda kupimwa.

Tena saa ikilegea, au mkono ukitikisika sana, hesabu hukosewa. Saa ikinyamaza pia usijidanganye kuwa u mzima. Na ukipata maumivu makali ya kifua, usiitazame saa. Nenda hospitali mara moja.

Kuna jambo jingine. Huko Denmark wazee 6,004 wenye miaka 70 hadi 90 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliwekewa kijiti chini ya ngozi, jingine likapata huduma ya kawaida. Mwaka 2021 matokeo yalitolewa. Wenye kijiti, karibu 32 katika kila 100 waligunduliwa ugonjwa. Wasio na kijiti walikuwa 12 katika kila 100. Lakini viharusi havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Maana yake ni kwamba si kila mtetemo mdogo una hatari sawa. Chombo kinamfaa zaidi mtu ambaye daktari ameona sababu ya kumvalisha. Usiuze mbuzi wako kununua saa.

HAPA KWETU VIPI

Katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, walipimwa wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Waliokutwa na mtetemo hawakufika hata mmoja katika kila 100. Ni wachache kuliko wazee wa Ulaya. Lakini wazee hao walipimwa kwa muda mfupi, na sasa unajua kuwa kipimo kifupi hakioni kila kitu.

Tena kwetu ugonjwa huu huwapata hata vijana. Sababu moja ni koo la mtoto. Mtoto akiumwa koo kwa vijidudu fulani asitibiwe, baadaye anaweza kupata homa inayovimbisha viungo na kuharibu milango ya moyo. Anapokuwa mtu mzima, vyumba vya juu vya moyo hutanuka na kuanza kutetemeka. Kwa hiyo usidharau koo la mtoto. Mlete zahanati. Na mtoto aliyeandikiwa sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne asikose hata moja.

Sababu nyingine ni shinikizo kubwa la damu, pombe nyingi, na ugonjwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi.

DAWA

Ugonjwa ukigunduliwa, daktari hutoa dawa ya kupunguza mbio za moyo, na mara nyingi dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hizi si sawa kwa watu wote. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 24 kwa wagonjwa ambao milango ya moyo iliharibiwa na ile homa ya viungo. Ilionekana kwamba dawa ya zamani, wafarini, iliwafaa kuliko dawa mpya. Kwa hiyo usiazime dawa ya jirani, hata kama mnaumwa ugonjwa mmoja.

Anayetumia wafarini lazima apimwe damu kila anapoambiwa. Dawa ikizidi anatoka damu, ikipungua damu inaganda. Ale mchicha na kisamvu kama alivyozoea, asizidishe ghafla wala asiache ghafla. Kabla ya kung'oa jino au kunywa dawa nyingine yoyote, hata ya mizizi, amwambie mganga.

JIPIME MAPIGO NYUMBANI

Sasa ile kazi niliyokuahidi. Haina gharama.

1. Kaa utulie kwa dakika tano.
2. Geuza kiganja kitazame juu.
3. Weka vidole viwili vya mkono mwingine chini ya kidole gumba, penye kifundo cha mkono. Usitumie kidole gumba kuhesabu, kwa kuwa kina pigo lake.
4. Tazama saa. Hesabu dakika nzima. Usihesabu robo kama nilivyofanya mimi.
5. Sikiliza mwendo pia. Je, mapigo yanafuatana sawa kama ngoma ya mpigaji hodari, au yanarukaruka?
6. Andika tarehe, saa na hesabu.

Kama mapigo yanarukaruka bila mpangilio, au yamezidi 100 na wewe umepumzika, au ni chini ya 50 na unasikia kizunguzungu, njoo zahanati na daftari lako.

Ukiona mtu mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, au maneno yanakorogeka, usingoje kesho. Usimpe chakula wala kinywaji. Tafuta gari au pikipiki apelekwe hospitali saa ileile.

TUKUMBUKE

Mapigo mabaya huja na kuondoka. Kipimo cha mara moja kinaweza kuyakosa. Chombo kinachovaliwa kinakesha mahali petu. Lakini anayeanza kulinda ni wewe mwenyewe, kwa vidole viwili na dakika moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini damu inayotuama moyoni ni hatari?
2. Kwa nini kupimwa kwa sekunde 10 hakutoshi?
3. Mtu aliyevalishwa chombo aandike nini katika daftari?
4. Je, saa ikitoa onyo, ufanye nini?
5. Kila mmoja ahesabu mapigo ya mwenzake kwa dakika nzima, na kuandika hesabu ubaoni.
6. Kijijini kwenu, mgonjwa wa kiharusi atafikishwaje hospitali usiku? Nani ana chombo cha usafiri? Kubalianeni leo.